DISKO NA TELEVISHENI: NGOMA YA NANI, KIOO CHA NANI?

Katika mazungumzo yetu juu ya utamaduni, disko hutajwa kwa namna mbili. Wako wanaoitaja kwa karaha, kama kielelezo cha upotofu wa vijana na uigaji wa mambo ya kigeni. Wako pia wanaoitaja kwa furaha, kama kumbukumbu ya ujana wao. Pande hizi mbili hubishana sana, lakini zinafanana katika jambo moja: hakuna upande unaouliza disko ilizaliwa wapi, ilifanywa na watu gani, na faida yake iliingia mfukoni mwa nani. Mwanafunzi wa historia hana budi kuanza na maswali hayo. Muziki hauelei hewani. Unapigwa na watu wenye kazi au waliokosa kazi. Unasafirishwa kwa mitambo. Na mitambo ina wenyewe.

Makala haya yanafuata uhusiano wa disko na televisheni nchini Marekani kati ya mwaka 1970 na 1984. Hoja yake ni kwamba disko haikufa kwa sababu watu waliichoka, wala haikukua kwa sababu televisheni iliipenda. Ilifanywa na wanyonge mahali pasipokuwa na kamera. Kamera ikaitwaa na kuibadili sura. Na ilipokoma kuleta faida wenye kamera wakaitupa. Sehemu kubwa ya habari hii ilitokea katika mji mmoja, Chicago, nasi tutaurudia mara tatu.

NGOMA KABLA YA KIOO

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji wa New York ulikuwa katika matatizo. Viwanda vilikuwa vikifungwa au kuhamishwa, na Wazungu wenye uwezo walikuwa wakihamia nje ya mji. Majengo ya viwanda na maghala yalibaki matupu. Katika jengo moja la namna hiyo, namba 647 mtaa wa Broadway, David Mancuso alifungua makazi yake kwa ajili ya dansi usiku wa tarehe 14 Februari, 1970. Mahali hapo pakaja kuitwa The Loft. Pombe haikuuzwa, na watu waliingia kwa mwaliko. Walikuja Wamarekani Weusi, Wapuerto Rico na watu wa mapenzi ya jinsia moja, ambao katika baa za kawaida walisumbuliwa na polisi na kudharauliwa na wenye baa. Kwa watu wa namna hiyo ukumbi wa dansi haukuwa anasa tu. Ulikuwa mahali ambapo mtu aliweza kusimama bila kuomba radhi kwa kuwapo kwake.

Hapakuwa na bendi. Palikuwa na santuri, mashine mbili za kuzichezea, spika kubwa, na mpiga santuri aliyejua kuunganisha wimbo na wimbo ili dansi isikatike. Ni katika kumbi hizi ambapo santuri ya Mkameruni Manu Dibango, Soul Makossa, ilipata nguvu. Wimbo huo alikuwa ameutoa mwaka 1972 upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya Kombe la Afrika yaliyofanyika Cameroon. Mancuso aliipata katika duka la santuri la wahamiaji wa visiwa vya Karibi huko Brooklyn. Wachezaji waliipenda, maduka yakaishiwa, na mwaka 1973 wimbo huo ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Marekani. Tukumbuke basi kwamba mmoja wa mizizi ya disko ulitoka katika bara letu, na kwamba ulipandwa bila msaada wa televisheni wala tangazo lolote la biashara.

Mahitaji ya ukumbi yalibadili hata umbo la santuri. Santuri ndogo ya inchi 7 ilibeba dakika tatu au nne tu, na sauti yake nzito ya chini ilikuwa dhaifu. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ilianza kuwauzia watu santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja mrefu. Kwa kuwa ilikuwa na nafasi kubwa zaidi, mifereji yake iliweza kuachana na kubeba besi nzito. Wataalamu wa kiwanda walitengeneza kile ambacho sakafu ya dansi ilikuwa imekwisha kukidai.

Sasa tuitazame televisheni ya wakati ule. Ilikuwa na spika moja ndogo. Matangazo ya televisheni ya Marekani hayakuanza kutumia sauti ya stirio hadi mwaka 1984. Vipindi vilikatwa vipande ili kupisha matangazo ya biashara. Kwa hiyo kioo kiliweza kuonyesha miguu, mavazi na nyuso. Hakikuweza kupeleka nyumbani besi inayotikisa kifua, wala wimbo wa dakika kumi, wala hali ya watu mia kucheza kama mtu mmoja. Tangu mwanzo palikuwa na ukinzani. Kitu kilichofanywa ili watu washiriki kiliweza kuingia katika televisheni kwa sharti moja tu: kigeuzwe kuwa kitu cha kutazamwa.

TRENI YA CHICAGO

Dansi za vijana hazikuwa ngeni katika televisheni ya Marekani. Kipindi cha American Bandstand kilianza Philadelphia mwaka 1952, na tangu mwaka 1957, chini ya Dick Clark, kilirushwa nchi nzima na shirika la ABC. Muziki wake mwingi ulikuwa na asili ya watu Weusi, lakini katika miaka ya Philadelphia vijana Weusi wa mji huohuo walizuiwa kwa hila mbalimbali wasiingie studio kucheza. Wimbo uliruhusiwa mlangoni. Mwenye wimbo aliachwa nje.

Jibu lilitoka Chicago. Tarehe 17 Agosti, 1970, mtangazaji Mweusi aitwaye Don Cornelius alianza kipindi cha Soul Train katika stesheni ndogo ya WCIU. Studio ilikuwa finyu na fedha zilikuwa chache. Lakini waimbaji, wachezaji na mtangazaji walikuwa Weusi, na mwenye kipindi alikuwa Mweusi vilevile. Mwezi Oktoba 1971 kipindi kilihamia Los Angeles na kuanza kuuzwa kwa stesheni za miji mingine. Mwanzoni ni miji saba tu iliyokinunua. Mdhamini wake mkubwa alikuwa kampuni ya Johnson Products ya Chicago, iliyomilikiwa na Wamarekani Weusi na iliyotengeneza mafuta ya nywele ya Afro Sheen.

Hatupaswi kulidharau jambo hili. Kwa mara ya kwanza mtoto Mweusi wa Marekani aliweza kufungua televisheni kila Jumamosi na kuwaona watu wa rangi yake wakicheza kwa furaha na heshima, na hata tangazo la biashara likimwambia kwamba nywele zake za asili ni nzuri. Wimbo wa kufungulia kipindi, uliopigwa Philadelphia na kundi la MFSB, ulishika nafasi ya kwanza nchini mwaka 1974, na wanahistoria wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa nyimbo za mwanzo kabisa za disko. Mwaka 1973 Dick Clark alipojaribu kuanzisha kipindi chake cha muziki wa soul, viongozi wa watu Weusi, Jesse Jackson akiwa miongoni mwao, walipinga kwa nguvu, na kipindi hicho hakikudumu. Walikuwa wametambua kuwa ugomvi haukuwa juu ya wimbo upi upigwe. Ulikuwa juu ya nani awe mwenye mtambo.

Hata hivyo mchambuzi mkweli hawezi kuishia kwenye sifa. Wachezaji wa Soul Train, ambao ndio waliokuwa kivutio kikubwa cha kipindi, hawakulipwa mshahara. Walikuja kwa hiari, walicheza saa nyingi chini ya taa kali, wakapewa chakula cha mchana. Wachache walitokeza: Jody Watley na Jeffrey Daniel walichukuliwa kutoka sakafu hiyo na kuwa waimbaji wa kundi la Shalamar. Walio wengi walibuni mitindo iliyoenea nchi nzima, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Somo hapa ni la pande mbili, nalo hatuna ruhusa ya kulikata nusu. Umiliki wa mfanyabiashara Mweusi ulibadili picha kwenye kioo, na hilo lilikuwa hatua mbele. Haukubadili uhusiano kati ya mwenye kipindi na mwenye jasho.

SURA MPYA KWA NGOMA YA WENGINE

Mwaka 1975 serikali ya mji wa New York ilikaribia kufilisika. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Juni, jarida la New York lilichapisha makala ya mwandishi Nik Cohn juu ya vijana wa Kizungu wa Brooklyn, wenye asili ya Kiitaliano, waliofanya kazi za kijungujiko wiki nzima na kuishi kwa ajili ya dansi ya Jumamosi. Makala hayo yalinunuliwa yawe sinema. Miaka 20 hivi baadaye mwandishi alikiri kwamba sehemu kubwa aliibuni. Basi picha ya disko iliyokwenda dunia nzima ilijengwa juu ya habari ya kubuni, wakati watu halisi walioianzisha ngoma walikuwapo palepale New York na hawakuulizwa.

Sinema hiyo, Saturday Night Fever, ilitoka Desemba 1977. Aliyechaguliwa kuwa mchezaji mkuu alikuwa John Travolta, ambaye tayari alijulikana kwa mamilioni kutokana na mchezo wa televisheni wa ABC uitwao Welcome Back, Kotter. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki ya biashara: televisheni ilikuwa imekwisha kutengeneza sura, sinema ikaikodi sura hiyo, na kampuni ya santuri ikauza nyimbo. Santuri ya sinema hiyo, yenye nyimbo za Bee Gees, ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 24 mfululizo katika mwaka 1978.

Baada ya hapo kila mwenye mtaji alitaka disko yake. Mwaka 1978 stesheni ya redio ya WKTU mjini New York ilibadili vipindi vyake vyote kuwa vya disko, na stesheni nyingine zikafuata. Mwezi Januari 1979 ulianza mfululizo wa televisheni uitwao Dance Fever, uliogeuza dansi kuwa mashindano ya zawadi. Mwezi huohuo kundi la Village People lilicheza wimbo wao wa Y.M.C.A. katika American Bandstand, na vijana waliokuwa studio wakaunda herufi za wimbo kwa mikono juu ya vichwa vyao. Kitendo hicho kinajulikana hadi leo kote duniani. Angalia mabadiliko yaliyopatikana katika miaka tisa tu: mwaka 1970 dansi ilifanywa ukumbini bila mtazamaji; mwaka 1979 ilifanywa studio, mbele ya kamera, ikaigwa sebuleni na mtazamaji aliyekaa peke yake.

Mfano wa wazi kuliko yote ni jumba la Studio 54, lililofunguliwa New York mwezi Aprili 1977. Jumba hilo lilikuwa zamani studio ya televisheni ya shirika la CBS. Wenye disko waliingia katika ganda lililoachwa na televisheni, wakaliendesha kama televisheni. Mlangoni alisimama mtu wa kuchagua nani ana sura ya kuingia na nani hana. Wapiga picha walingoja watu mashuhuri. The Loft lilikuwa limewafungulia mlango waliokataliwa kwingine. Studio 54 lilijipatia jina kwa kukataa. Wenye jumba hilo wawili walifungwa mwaka 1980 kwa kosa la kukwepa kodi.

MOTO WA JULAI 1979

Sasa tunarudi Chicago kwa mara ya pili. Mwishoni mwa mwaka 1978 stesheni moja ya redio ya mji huo iliacha muziki wa rock na kuingia disko, na mtangazaji wake Steve Dahl akapoteza kazi. Alipata kazi kwingine, akaanzisha kampeni ya kuipinga disko. Tarehe 12 Julai, 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, kila aliyeleta santuri ya disko aliruhusiwa kuingia kwa senti 98. Watu wapatao 50,000 waliujaza uwanja na wengine wengi walibaki nje. Kati ya mchezo wa kwanza na wa pili, santuri zilikusanywa katika sanduku kubwa na kulipuliwa kwa baruti. Maelfu ya vijana wakavamia uwanja, mchezo wa pili ukashindwa kuchezwa, na picha za moto zikaonekana katika televisheni.

Kijana mmoja Mweusi aliyefanya kazi uwanjani usiku huo, Vince Lawrence, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi wa muziki, ameeleza mara nyingi kwamba santuri nyingi alizoziona hazikuwa za disko. Zilikuwa santuri za waimbaji Weusi tu. Dahl kwa upande wake amekanusha daima kwamba kulikuwa na nia ya ubaguzi. Sisi hatuna haja ya kupima moyo wa mtu mmoja. Tutazame muundo wa jambo lenyewe.

Aliyemwondoa mtangazaji kazini alikuwa mwenye stesheni. Aliyechomwa moto alikuwa mwimbaji. Vijana wengi walioingia uwanjani walikuwa Wazungu wa tabaka la wafanyakazi, katika mwaka wa kupanda kwa bei ya mafuta na vitu vyote, katika eneo ambalo ajira za viwanda zilikuwa zikipungua. Kwenye kioo walikuwa wameonyeshwa disko kama mali ya matajiri wa Studio 54. Hawakuwa wameonyeshwa ghala tupu la mwaka 1970. Kwa hiyo hasira iliyokuwa na sababu za kweli ilielekezwa kwa wanyonge wenzao. Hii ndiyo hatari kubwa ya chombo kinachoficha asili ya vitu: humfanya mnyonge amtambue adui kwa mavazi badala ya kumtambua kwa kazi yake.

Kampuni za santuri hazikuwatetea wasanii wao. Mauzo ya santuri nchini yalianguka mwaka 1979, na kampuni zilizokuwa zimemwaga santuri za disko sokoni, nzuri na mbovu kwa pamoja, ziliifuta hata anwani ya disko katika ofisi zao. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Methali ni ya kweli, lakini isitumiwe kama pazia. Ngoma hii haikupasuka yenyewe. Ilipigwa kupita kiasi na watu wasioimiliki, kisha wakaitupa.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Tarehe 1 Agosti, 1981, ilianza stesheni ya MTV, mali ya kampuni za Warner na American Express. Ilionyesha filamu fupi za nyimbo mchana na usiku, na filamu hizo zililetwa bure na kampuni za santuri. Yaani kipindi na tangazo la biashara vilikuwa kitu kimoja. Katika miaka yake ya kwanza stesheni hiyo ilionyesha wasanii Weusi wachache mno. Mwezi Januari 1983 mwimbaji Mwingereza David Bowie, akihojiwa na MTV yenyewe, aliwauliza waziwazi kwa nini hali iko hivyo. Machi mwaka huo ndipo Billie Jean wa Michael Jackson ulipoanza kuonyeshwa, na mauzo makubwa yakafungua mlango ambao haki haikuufungua.

Katika Mei 1983, katika kipindi kilichorushwa na NBC, Jackson alionyesha hatua ya kuteleza kinyumenyume, nayo ikazunguka dunia. Hatua hiyo ni ya zamani kuliko yeye, na Jeffrey Daniel wa Soul Train, aliyekuwa ameionyesha katika televisheni ya Uingereza mwaka 1982, alikuwa miongoni mwa waliomfundisha. Santuri yake ya Thriller ya mwaka 1982 ilikuwa pia na kiitikio kilichotokana na Soul Makossa. Dibango alidai haki yake, na wakamalizana nje ya mahakama. Kwa hiyo sakafu isiyolipwa ya Soul Train na santuri ya Mkameruni zote zilifika kileleni mwa televisheni. Lakini zilifika zikiwa zimepoteza majina yao njiani.

Kwa mara ya tatu, Chicago. Tangu mwaka 1977 mpiga santuri Frankie Knuckles, aliyetoka New York, alikuwa akipiga katika ukumbi ulioitwa Warehouse, yaani ghala. Wachezaji wake walikuwa hasa vijana Weusi na Walatini wa mapenzi ya jinsia moja. Walipochoma santuri uwanjani mwaka 1979, ukumbi huo haukuzima muziki. Kampuni zilipoacha kutoa nyimbo mpya, wapiga santuri walirefusha zile za zamani na kuongeza mapigo kwa mashine za bei nafuu. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa muziki wa house. Mwaka 1984 ilitoka santuri ya On and On ya Jesse Saunders, ambayo Vince Lawrence, yule kijana wa uwanjani, alishiriki kuitunga. Hakuna shirika kubwa la televisheni lililoshuhudia uzazi huo. Muziki ulirudi ghalani ulikotoka, ukaishi.

MAFUNZO

Habari hii inatuhusu vipi? Mwezi Novemba 1969, miezi tisa hivi kabla ya Soul Train kuanza, uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini soul ilikuwa sauti ya watu waliokuwa wakipigania haki zao, na marufuku hayakugusa hata kidogo wale waliochuma faida kwa sauti hiyo. Vijana waliendelea kuutafuta muziki. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na stesheni hadi mwaka 1994. Hata hivyo disko ilifika, kwa santuri, kaseti na sinema, hata watoto wakawa na disko toto yao. Hivyo basi, wala marufuku wala ukosefu wa kioo havikujibu swali. Swali lilikuwa, na bado ni, la umiliki.

Leo kioo kimo mfukoni. Kijana wa Mbagala au wa Kisumu hubuni hatua ya dansi asubuhi, na jioni inachezwa na watu asiowajua katika mabara matatu. Hilo ni jambo la kufurahia. Lakini kampuni inayomiliki jukwaa haiko Mbagala wala Kisumu, na kijana huyo, kama mchezaji wa Soul Train, anaweza kuwa kivutio cha kila mtu na bado asile kwa jasho lake.

Kwa hiyo tunapokutana na ngoma mpya ya vijana, tusianze kwa kuuliza kama ni ya heshima au si ya heshima. Tuulize: nani ameibuni? Kioo kinachoionyesha ni cha nani? Anayecheza analipwa nini, na jina lake linaandikwa wapi? Kada atakayeshindwa kuyajibu maswali hayo atabaki kuhukumu mavazi. Na huko Chicago tumeona jinsi wanaohukumu mavazi wanavyoishia kuchoma santuri za wenzao, hali mwenye stesheni ameketi nyumbani kwake akitazama moto kwenye televisheni.